Kifaa Kisichoanikwa

Uligeuza uso. Usibishe. Redio iliposema ndege ndogo imeanguka milimani, rubani na wauguzi wawili wamekufa, uliguna, ukasema "masikini," kisha ukaongeza sauti habari za mpira zilipofika. Miezi ikapita, wakasoma matokeo ya uchunguzi kwa maneno matatu: uzembe wa rubani. Hukuuliza kitu. Na kwa nini uulize? Ni maneno yanayomfaa kila aliye hai, maana aliyekufa hana mdomo wa kujibu. Uliyameza kama ulivyopewa, ukaendelea na chai yako.

Sasa kaa hapo hapo ulipo, usikie kilichotokea katika banda la ndege alikotoka rubani yule, mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimekaribia.

Banda lilikuwa la mabati, refu, linachemka tangu asubuhi, linanuka oili na mpira wa matairi. Zamani lilikuwa na ndege mbili. Sasa ilikuwamo moja, na pale iliposimama ile nyingine palibaki patupu. Hakuna aliyeweka kitu pale, hata ndoo. Njia ya mkato ya kwenda kwenye bomba la maji ilipita papo hapo katikati, lakini wote walizunguka kwa kufuata ukuta, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwa nini.

Ndege iliyobaki ilirushwa na mwanamke wa makamo waliyemwita Kinda. Jina alipewa na mjomba wake siku ya kwanza aliposhika usukani, akiwa msichana mwembamba mwenye shingo ndefu na macho ya kushangaa kila kitu. Siku hizi mvi zilikuwa zimeingia, magoti yalilia kila alipopanda kwenye bawa, na bado alikuwa Kinda. Marehemu alikuwa binamu yake, mwana wa huyo huyo mjomba. Tangu azikwe, zamu za marubani wawili zilikuwa za Kinda peke yake: dawa, chanjo, walimu, wagonjwa wa kupasuliwa, yote kwenda na kurudi kwenye viwanja vya milimani ambako gari halifiki. Alikuwa na uchovu ule usioondoka kwa usingizi. Analala nao, anaamka nao, anavaa shati la kazi, wanatoka pamoja.

Na ulikuwa uchovu wa macho zaidi kuliko wa mwili. Zamani palikuwa na mnara wa redio kule milimani, na ndani ya ndege palikuwa na sindano iliyouelekea mnara huo popote ulipo, hata ukiwa katikati ya wingu huoni pua yako. Wewe ulifuata sindano tu, ukafika. Kisha, kabla ya ajali ile, wakubwa wa anga wakauzima mnara. Walisema dunia imehamia kwenye setilaiti, matunzo ya mnara ni mzigo, kila mwenye ndege ajitafutie kifaa chake. Hivyo tu. Sindano ikabaki inazungukazunguka kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Kinda akawa anaruka kwa dira, saa na macho, siku za anga safi pekee. Mvua zikianza, anga safi haitakuwapo tena, na wagonjwa hawaugui kwa kufuata hali ya hewa. Ilibidi kichaguliwe kifaa, na kitakachochaguliwa ndicho atakachoingia nacho mawinguni.

Kwa hiyo siku hiyo Muuzaji alikuja. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye begi la magurudumu na sauti ya kujaza uwanja. Alifuta vumbi kwenye meza ya mafundi kwa kiganja, akapanga vifaa vitatu vya GPS kama mtu anayepanga nyanya.

"Karibuni sokoni," alisema. "Nianze na huyu mfalme. Kishikwambi. Kioo kikubwa, ramani ya rangi zote, unakuza kwa vidole viwili. Kila banda la kiwanja hiki wanacho. Ninyi tu ndio mnaoniangusha."

"Tulikuwa nacho," alisema Fundi.

Muuzaji alifungua mdomo, akakumbuka yuko wapi, akaufunga. Fundi aliendelea kufuta spana yake kwa kitambaa. Alikuwa shemeji yake Kinda, mume wa mdogo wake, mtu wa maneno machache ambayo mengi yake yalikuwa ya utani. Hayo hayakuwa ya utani.

"Endelea, mama," Kinda alisema. "Hicho kidogo?"

"Hiki ni cha wawindaji na watembea kwa miguu. Kigumu! Kikianguka mtoni, unakiokota, kinakusalimia."

Kinda alikichukua, akakinyoosha mbali na uso, akakisogeza karibu, akakinyoosha tena. "Hiki kitanitaka nivae miwani juu ya miwani. Na milima kinaijua?"

"Kinakwambia ulipo. Milima utajijulisha mwenyewe."

"Na hiki cha mwisho?"

"Hiki kimetengenezwa kwa ajili ya ndege hasa. Sura yake mbaya, nakubali."

"Kama shemeji yangu," alisema Kinda.

"Dada yako hajawahi kulalamika," alijibu Fundi bila kuinua kichwa.

Muuzaji alicheka, akapata nguvu. Kilikuwa kizito, cheusi, kinene kama tofali la sabuni, na kioo chake kilikuwa kimepauka ukilinganisha na ule mng'ao wa kishikwambi. Kilikuwa na vifungo vya kubonyeza hata ndege ikirushwarushwa na upepo. Kinachomekwa kwenye umeme wa ndege, antena yake inabandikwa dirishani, na mlima ukikaribia kinapiga kelele.

"Kinapiga kelele namna gani?" aliuliza Kinda.

Muuzaji alibonyeza. Kifaa kilitoa mlio wa kukera, mkali, wa kurudiarudia, hata ndege wa kweli waliokuwa wamejenga kwenye kenchi za paa wakaruka nje.

"Hicho," Kinda alisema polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yalishuka kidogo. "Hicho nakielewa."

"Tunachukua hiki," ilisema sauti nyuma yao.

Mjomba alikuwa ameingia. Ndiye mwenye banda, ndiye mwenye ndege, ndiye aliyemfundisha Kinda kuruka, na ndiye aliyemfundisha mwanawe. Mwenyewe alikuwa rubani miaka mingi, mpaka presha ya macho ilipompokonya leseni. Alikuwa amekwisha kukishika kishikwambi, amekisogeza karibu na pua kabisa kama anayekinusa, na mwanga wa ramani ulimchora uso kwa kijani na buluu.

"Mjomba, ndiyo kwanza tunaangalia."

"Mimi nimekwisha kuangalia."

"Kwa macho yapi?" aliuliza Kinda, nusu utani, kama walivyozoeana.

"Kinda, adabu."

"Mzee," Muuzaji aliingilia, "kama ni bei ya hiki cheusi, tutaelewana. Mimi si mtu wa—"

"Si bei."

Fundi aliacha kufuta spana. Mjomba alikuwa mkono wa birika tangu ujana wake. Alikuwa mtu wa kunyoosha misumari iliyopinda na kuisifu kuliko mipya. Katika miaka yote hakuna aliyewahi kumsikia akisema "si bei". Kinda alimtazama, akauona mkono wake usiotaka kukiachia kile kioo, na hapo akaelewa jambo ambalo angependa asilielewe.

Kishikwambi kile kilikuwa sawasawa na kile Mjomba alichomnunulia mwanawe. Alikileta asubuhi, kikiwa ndani ya boksi, amefurahi kama bibi harusi, na mwanawe akaondoka nacho asubuhi ile ile, asirudi. Kununua kingine sasa, cha aina nyingine, ni kusema kwamba kile cha kwanza kilikuwa na kasoro. Na kama kilikuwa na kasoro, basi nani alikichagua? Ripoti ya serikali ilikuwa imemwambia Mjomba kwamba mwanawe alizembea. Ni jambo la kuumiza, lakini baba anaweza kuishi nalo. Lile jingine hakujua kama angeweza.

Angalia walivyo wajanja wale wanaoandika ripoti. Walimwachia mzee achague kati ya kumlaumu mwanawe na kujilaumu mwenyewe. Mnara waliouzima wao wala haukuwamo kwenye hesabu.

"Sawa," Kinda alisema. "Basi tuvianike."

"Hatuaniki."

"Tangu lini?"

"Tangu niseme."

Ni lazima uelezwe kuanika. Ilikuwa desturi ya banda lile, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyeianzisha zamani. Kila kitu kipya kitakachokaa mbele ya rubani, iwe saa, redio au hata kalamu, kwanza kiliwekwa juu ya deshibodi ya ndege iliyosimama juani, milango imefungwa, adhuhuri nzima. Kikitoka kizima, kinaruka. Kikitoka kimekunjamana, kinarudi dukani. Marubani wa mabanda mengine waliwacheka, wakawaita wauza samaki wakavu. Walianika kila kitu, isipokuwa kile kishikwambi cha kwanza, kwa kuwa siku ile mgonjwa alikuwa akisubiri kule juu, na kwa kuwa Mjomba alikuwa na furaha mno. Tangu siku hiyo hakuna aliyelitaja neno kuanika ndani ya banda.

Kinda hakubishana. Nguvu za kubishana hakuwa nazo. Aliviokota vifaa vyote vitatu, akatoka navyo nje ndege ilikosimama, akavipanga juu ya deshibodi vyote vikiwa vinawaka, akafunga mlango, akarudi, akakaa kwenye tairi kuukuu. Fundi akamimina chai. Muuzaji alipewa kiti chenye miguu yote. Mjomba alisimama mlangoni amewapa mgongo, akitazama upande ambao hakukuwa na ndege.

Walikunywa chai bila mazungumzo ya maana. Muuzaji alieleza habari za binti yake anayesomea uhasibu. Fundi aliuliza kama binti ana mchumba, akaambiwa anyamaze, yeye ana mke. Jua lilisimama juu ya mabati, na mabati yakaanza kulia kwa joto.

Kinda alipokwenda kutazama, hakuhitaji kufungua mlango. Kile kidogo kilikuwa kinawaka. Kile cheusi kilikuwa kinawaka, na kioo chake kilichopauka kilisomeka vizuri juani kuliko kilivyosomeka kivulini. Kishikwambi kilikuwa cheusi tititi, na katikati yake palikuwa na picha ndogo ya kipimajoto chekundu.

Alikileta mkononi amekifungia kwenye shati, maana kiliunguza. Alikiweka mezani.

"Ungekiweka kivulini," alisema Mjomba.

"Kule juu kivuli kinakaa wapi, Mjomba?"

"Kwenye mfuko wa kiti. Kwenye mapaja. Mtu akitumia akili hakosi kivuli."

"Na mimi nisome ramani nikiwa nimeinamia mapajani, milima iko pande zote mbili?"

"Viwili basi!" Mjomba alipaaza sauti, na ile sauti ikagonga mabati ikawarudia. "Tununue viwili. Kimoja kikizima, unawasha cha pili. Kuna nini hapo? Viwili! Mama, una cha pili?"

"Ninacho," alisema Muuzaji, kwa shingo upande, hata yeye sasa akitazama sakafu.

Na hapa Kinda alikaribia kukubali. Usimlaumu; wewe hujawahi kuchoka hivyo. Aliona jinsi ilivyo rahisi kusema ndiyo, kwenda nyumbani, kuvua viatu. Mzee angefurahi. Jioni wangekula pamoja. Mvua zingekuja baadaye, na yeye angeziingia na vishikwambi vyake viwili, akiomba Mungu. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kilichomzuia halikuwa jambo kubwa. Ni kwamba alimwona Fundi akienda kunawa mikono bombani, akizunguka kwa kufuata ukuta.

"Sawa, Mjomba," alisema. "Mchana huu nina chanjo za kupeleka juu. Chukua vyako viwili, upande na mimi. Uniongoze."

"Mimi?"

"Macho yangu yamechoka. Wewe ndiye uliyenifundisha njia ile."

Mjomba hakuwa amekaa ndani ya ndege tangu msiba. Aliangalia mikono yake. Kisha akaitafuta kofia yake.

"Mkiviangusha, mmenunua," alisema Muuzaji kwa sauti ndogo, ili tu kuwe na mtu aliyesema kitu.

Walipakia makasha ya chanjo, Fundi akayafunga kwa kamba na kuvuta kila fundo mara mbili. Anga ilikuwa nyeupe kwa joto, haina wingu. Kinda asingempandisha siku ya wingu. Alitaka kumwonyesha kitu, hakutaka kumuua. Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, na nyumba zikawa vibati. Mjomba alikaa kiti cha kulia, kishikwambi cha kwanza kimeshikizwa mbele yake juu ya deshibodi, cha pili kimezimwa ndani ya mfuko wa kiti, kivulini, kama alivyotaka.

"Umeona?" alipiga kelele kushinda injini. "Tupo hapa. Kile pale ni kijito. Ramani safi!"

"Naona, Mjomba."

Kwa muda alikuwa mtu mwingine. Alionyesha kila kitu kwa kidole, akataja vilima kwa majina ya utani ambayo marubani wa enzi zake walivipa: Nundu, Bibi Kikongwe, Meno ya Mbele. Aliimba kidogo. Aliposhtuka kwamba kioo kinafifia, alivua kofia akaishika juu ya kishikwambi kukikingia jua, kama mtu anayemfunika mtoto mchanga. Mkono ulichoka, akabadili mkono. Jua lilitoka mbele, likatoka pembeni, likatoka kila upande. Ndege ndogo ni kioo kitupu.

Kipimajoto chekundu kikatokea.

"Hamna neno," alisema Mjomba upesi. "Hamna neno. Ndiyo maana tuna cha pili." Alipapasa kwenye mfuko wa kiti, akakitoa, akakibonyeza. Nembo ya kampuni ikatokea, ikakaa. Ikaondoka, ikaja nyingine. Kisha maneno: inatafuta setilaiti. Inatafuta setilaiti.

Milima ilikuwa imeshawaingia pande zote mbili. Mbele yao palionekana mahali njia inapogawanyika: mabonde mawili yenye mto kila moja, yamefanana kama pacha, na katikati ukingo wa mwamba. Moja linafika kwenye kiwanja. Jingine linapinda mara moja, kisha linaishia kwenye ukuta wa mlima, na huko ndani ni jembamba mno kwa ndege kugeuza.

"Mjomba, tumefika njia panda. Kushoto au kulia?"

"Subiri, kinatafuta."

"Na mlima nao uambie usubiri."

"Kinda, kinatafuta, subiri kidogo!"

"Siwezi kusimama hapa, Mjomba. Hii si gari. Kushoto au kulia?"

Aliinua uso. Alikodoa macho yake mabovu, akatafuta, akayageuza huku na huku. Enzi zake alipita hapo pengine kuliko mtu yeyote aliye hai, lakini enzi zake palikuwa na sindano. Hakuwahi kuombwa achague kwa macho. Bonde la kushoto lilikuwa pana mdomoni, lina mwanga, mto wake unang'aa. La kulia lilikuwa jembamba, la giza, limejificha nyuma ya bega la mwamba.

"Kushoto," alisema Mjomba.

Kinda alilaza ndege upande wa kulia. Mjomba alipiga ukelele, akashika mlango. Bega la mwamba likapita kwenye ncha ya bawa, giza likawafunika kidogo, kisha bonde lote likafunguka, na kule mwisho kiwanja kilikuwa kimenyooka, chekundu, kina mtu mmoja amesimama pembeni akipunga kitambaa. Kishikwambi cha pili ndipo kilipopata setilaiti. Ramani ikatokea, nzuri, ya rangi zote.

Walitua. Muuguzi aliyekuwa akipunga kitambaa alikuja na toroli, akayapokea makasha, akauliza kama mvua imeshaanza kule chini, akaondoka haraka kabla barafu haijayeyuka. Wao wawili walibaki chini ya bawa. Mjomba alikaa kwenye majani, kofia mapajani.

"Ningekwenda kushoto," alisema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Hakuna wingu hata moja. Na bado ningekwenda kushoto."

"Ndiyo."

Alivuta jani, akalichana vipande. Kinda alikaa kando yake. Hakumshika bega, hakumwambia pole. Alikuwa amechoka kusema pole, na mzee alikuwa amechoka kuambiwa.

"Yeye alipokwenda kushoto alikuwa na mawingu," alisema Mjomba mwishowe. "Alikuwa na mgonjwa anamsubiri, na kioo cheusi mkononi. Halafu mimi nikakubali waniandikie kwamba alizembea. Nikatia sahihi, Kinda. Nikasema, vijana wa siku hizi." Alivitupa vile vipande vya jani. "Hata wewe ungekwenda kushoto."

"Mimi mwaka huu nimekwenda kushoto mara moja. Anga ilikuwa wazi, nikageuza kabla ya kona. Sikumwambia mtu."

Mjomba alimgeukia, akamtazama kwa macho yale yasiyomwona sawasawa. Kisha wakainuka, kwa sababu jua lilikuwa linaondoka na njia ya kurudi ilikuwa ile ile.

Kile cheusi chenye sura mbaya kilinunuliwa siku hiyo hiyo, na Mjomba akavilipia pia vile vishikwambi viwili. Mvua zilianza, Kinda akaingia nacho mawinguni, na kilimpigia kelele zake za kukera kila alipousogelea mwamba, naye akazipenda kelele hizo kama sauti ya mtu wa nyumbani. Hapo ungependa hadithi iishe, ukafunge kitabu. Haijaisha.

Mjomba alipiga pasi koti lake la zamani la urubani, akavifunga vile vishikwambi viwili kwenye mfuko, akaenda na Kinda kwenye ofisi ya wakubwa wa anga. Walikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Hatimaye waliitwa na kijana mwenye adabu aliyekuwa amekaa chini ya feni.

"Mzee wangu, shikamoo. Nimeelewa. Lakini faili limefungwa."

"Marahaba. Lifungue."

"Halifunguliwi hivihivi."

"Weka hiki dirishani hapo juani. Hesabu mpaka kizime. Kisha uniambie nani alizembea. Na mnara mliouzima mtuwashie, au mtuambie kwa nini hauwaki."

Kijana alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha. Hao wanaokaa kwenye dirisha la kupokea malalamiko si wabaya kamwe. "Mzee, naomba nikwambie ukweli. Mlioleta malalamiko ni ninyi wa familia tu. Familia kila mara hulalamika, si mnajua? Wakubwa wananiuliza, wananchi wanasemaje? Abiria wanasemaje? Nami nafungua sanduku la barua, halina kitu. Tangu ndege ile ianguke, hakuna mtu mwingine hata mmoja aliyeuliza."

Mjomba alisimama. Alichukua mfuko wake. Kwenye ngazi alimshika Kinda mkono, akashuka akipapasa kila daraja kwa kiatu, na chini kabisa akasema tu, "Hakuna hata mmoja."

Umesikia. Huyo aliyesemwa hapo ni wewe. Kila banda la kiwanja kile wana kishikwambi, hawakianiki, na wanaruka nacho leo katika mvua hii, wakimbeba mwalimu wa mwanao, dawa za mama yako, na siku moja wewe mwenyewe umefungwa kwenye machela. Mnara bado umesimama kule juu, mzima, hauna umeme. Jina la marehemu bado limeandikwa uzembe. Basi inuka. Ukiwa na safari ya ndege ndogo, usifunge mkanda kabla hujamuuliza rubani kifaa chake kimewahi kukaa juani, na kikizima atafuata nini; akibabaika, shuka. Kama huna safari, nenda kwenye ofisi ile kwa miguu yako, simama mbele ya yule kijana, mwambie: mimi si wa familia, nataka faili lifunguliwe, na mnara uwashwe. Usingoje kesho. Dirisha lao linafungwa saa kumi, na sasa hivi liko wazi.